Hoja hufika wapi? Kwa nini watu wawili wenye akili timamu hubishana hadi mwisho bila yeyote kuhama

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, ila anayetaka kuchangia naomba asome kwanza.

Kila ubishi mzito wa siasa au wa maadili ninaoufuatilia huishia kwenye hukumu moja kati ya mbili: "huyu hajasoma" au "huyu ana lake jambo". Yaani anayenipinga ama ni mjinga ama ni mbaya. Nataka kutetea uwezekano wa tatu, na naamini ni wa kawaida kuliko tunavyokubali: watu wawili wanaweza kuwa na taarifa zilezile, wakapanga hoja zao vizuri, wakawa na nia safi wote, na bado wasikutane. Hapo hakuna aliyekosea hesabu. Hoja yoyote ina mahali inapoanzia, na mahali hapo haipatengenezi yenyewe.

Nichukue adhabu ya kifo, kwa sababu ubishi wake una kumbukumbu nzuri.

Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milano, akiwa na miaka 26, alichapisha kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuikabidhi dola ruhusa ya kumuua; watu walitoa kipande kidogo tu cha uhuru wao ili waishi kwa usalama. Akasema kifungo cha maisha kinatisha kuliko kifo cha dakika chache, kwa sababu mateso marefu ndiyo yanayobaki kichwani mwa mwenye kutazama. Na akauliza sheria inayochukia mauaji inawezaje kuua hadharani ili kuwakataza watu kuua. Miaka 22 baadaye, mwaka 1786, mtawala wa Toscana, eneo la Italia ya leo, aliifuta kabisa adhabu hiyo katika himaya yake.

Kisha mwaka 1797 akaja Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani. Huyu si mtu wa kumwita mjinga, maana maisha yake yote aliyatumia kuichambua akili na mipaka yake. Anamjibu Beccaria kwamba amevutwa na huruma tu. Mtu haadhibiwi kwa kuwa aliitaka adhabu, anaadhibiwa kwa kuwa alilitaka tendo linalostahili adhabu. Tena anatoa mfano ambao ukiusoma hausahau: watu wa kisiwa wameamua kuvunja jamii yao na kutawanyika duniani. Gerezani amebaki muuaji mmoja wa mwisho. Kant anasema kabla hawajaondoka lazima muuaji huyo auawe, ili kila mtu apate kinacholingana na matendo yake na damu isibaki juu ya watu wale.

Utazame vizuri mfano ule. Baada ya kesho hakuna jamii, kwa hiyo hakuna wa kutishwa na adhabu wala wa kulindwa nayo. Kant amekiondoa kwa makusudi kila kitu ambacho Beccaria anakihesabu. Beccaria anauliza adhabu itazuia nini kesho. Kant anauliza mtu huyu anastahili nini kwa alichokifanya jana. Wote wawili ni watu wa akili na wote wamepanga hoja zao kwa ustadi. Hata ukiwaletea takwimu za karne nzima, hutajua uanze na swali la nani.

Tena hizo takwimu zenyewe ni shida. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miongo mitatu kuhusu adhabu ya kifo na mauaji, likahitimisha kwamba hazisaidii kujua kama adhabu hiyo inapunguza mauaji, inayaongeza, au haina athari. Ila tuseme kesho tumepata jibu la uhakika. Beccaria angelitumia. Kant asingelihitaji.

Hapo ndipo ninapoona ukomo wa hoja. Karibuni.

#2 Mbayuwayu

Mkuu, uzi mzuri ila sikubaliani. Tatizo ni elimu. Watu wengi hawajui kusoma takwimu na wanaongozwa na hisia. Wafundishe hesabu na namna ya kupima ushahidi, ubishi mwingi utakwisha wenyewe. Hao wawili waliobaki na Kant ndio tutawaachia vyuo vikuu.

#3 Mleta mada

Mbayuwayu, hoja yako niliiamini kwa muda mrefu, na ndiyo inayoaminiwa na watu wengi wasomi. Imepimwa, na matokeo yake yanasumbua.

Mwaka 2013 Dan Kahan na wenzake waliwapa Wamarekani zaidi ya 1,000 jedwali dogo. Dawa ya kupaka kwa ajili ya upele: kati ya waliopaka, 223 walipata nafuu na 75 walizidiwa. Kati ya wasiopaka, 107 walipata nafuu na 21 walizidiwa. Je, dawa inasaidia?

Jicho linakimbilia 223, namba kubwa kuliko zote, na mtu anasema inasaidia. Sasa piga hesabu. Waliopaka ni 298, wenye nafuu ni kama asilimia 75. Wasiopaka ni 128, wenye nafuu ni kama asilimia 84. Wasiopaka wamefanya vizuri zaidi. Kama unavyotarajia, wenye uwezo mkubwa wa hesabu walilipata jibu mara nyingi kuliko wengine. Mpaka hapo elimu inashinda.

Kisha namba zilezile zikabadilishwa jina tu. Badala ya dawa ya upele ikawa miji iliyopiga marufuku raia kubeba bastola kwa kificho, na badala ya nafuu ukawa uhalifu uliopungua au kuongezeka. Hapo wenye hesabu kali walifanya vizuri pale jibu sahihi lilipowafurahisha kisiasa. Lilipowaudhi, umahiri wao ulishuka sana. Na pengo kati ya kambi mbili za siasa halikupungua kwa wajuzi wa hesabu. Lilikuwa pana zaidi kwao kuliko kwa wasiojua hesabu.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ukimpa mwamba ngoma mikono yenye nguvu zaidi, atavuta zaidi. Anayejua hesabu akiona jibu la juujuu linampendeza, anatulia hapohapo. Likimuudhi, anachimba mpaka apate kasoro, na anayo zana ya kuchimbia. Mtu asiyejua hana zana hiyo.

Utafiti mwingine wa zamani unarudi kwenye adhabu ya kifo yenyewe. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwachukua wanafunzi 48, nusu wanaiunga mkono adhabu hiyo na nusu wanaipinga. Kila mmoja akasomeshwa tafiti mbili, moja inayoonyesha inazuia mauaji na nyingine inayoonyesha haizuii. Ungetarajia ushahidi uliogawanyika uwasogeze kati. Kila upande uliona utafiti unaoupendelea umefanywa kwa umakini na ule mwingine una matundu, na mwishowe kwa maelezo yao wenyewe wakawa wamekazia msimamo waliokuja nao.

Sisemi elimu haina kazi. Kwenye dawa ya upele ilifanya kazi yake yote. Nasema ukiitegemea imalize ubishi ambao watu wamefunga nafsi zao ndani yake, unaweza kuwa unawapa silaha ukidhani unawapa maji.

#4 Tandabui

Nakazia. Binafsi ninapojadili siasa huwa najua jibu kabla sijajua sababu.

#5 Mleta mada

Tandabui, mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliliona hilo tangu 1739. Alisema akili ni mtumwa wa matamanio na haina kazi nyingine ila kuyatumikia. Inakuambia njia ya kufika unakotaka, haikuambii utake nini. Akafika mbali zaidi: si kinyume cha akili mtu kupendelea dunia yote iangamie kuliko kidole chake kukwaruzwa. Mtu huyo ni wa kutisha, lakini huwezi kumwonyesha mstari wa hesabu alipokosea.

Mwaka uliofuata akaongeza jambo ambalo ningependa kila mwanasiasa alisome. Waandishi wa maadili, anasema, huanza kwa kueleza mambo yalivyo, mara ghafla bila kutangaza wanaanza kusema mambo yanavyopaswa kuwa. Hakuna anayeeleza alivyovuka. Fuatilia hotuba yoyote ya bajeti au ya vita, utakuta kivuko hicho. "Uchumi umekua kwa kiasi hiki, kwa hiyo lazima tuendelee na sera hii." Kati ya sentensi hizo mbili kuna uamuzi mzima kuhusu nani anayehesabika na nani anayeweza kusubiri, na haukutamkwa.

#6 Kinoo

Mleta mada, hapa ndipo ninapokwama na wewe. Kama kila mtu ana pa kuanzia pake na hoja haziwezi kupagusa, basi waliotetea utumwa nao walikuwa na pa kuanzia pao. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, yameisha? Waliofungwa minyororo wangefurahi kusikia falsafa hii?

#7 Mleta mada

Kinoo, ahsante. Hili ndilo swali lenyewe na nilikuwa nalisubiri. Niruhusu nirefushe.

Kwanza, kushindwa kumshawishi mtu hakumfanyi awe na haki. Utumwa ulikuwa uovu, na sihitaji saini ya mwenye watumwa ili nilijue hilo. Ukomo ninaouzungumzia ni wa ushawishi, hauko kwenye ukweli. Naomba tusivichanganye, kwa sababu mtu anayevichanganya huishia kusema yote sawa, na mimi sisemi yote sawa.

Pili, tumtazame aliyekuwa ndani ya vita ile na jinsi alivyozitumia hoja. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka. Tarehe 5 Julai 1852 alialikwa Rochester kuhutubia juu ya sikukuu ya uhuru wa Marekani. Akauliza: je, nihitaji kuthibitisha kwamba mtumwa ni binadamu? Akajibu kwamba jambo hilo wenye watumwa wamekwisha kulikubali kwa sheria zao wenyewe. Virginia, alisema, ina makosa 72 ambayo mtu mweusi akiyatenda anauawa, na katika hayo ni mawili tu yanayompa mzungu adhabu hiyohiyo. Huwezi kumhukumu kiumbe kwa makosa 72 kama huamini kwamba anajua jema na baya. Na majimbo ya Kusini yalijaa sheria za kuwatoza faini wanaomfundisha mtumwa kusoma. Mtakaponionyesha sheria kama hizo kwa wanyama wa porini, alisema, ndipo nitakapokubali kujadili utu wa mtumwa.

Hoja hiyo haikuleta mahali papya pa kuanzia. Iliingia ndani ya nyumba ya adui, ikakuta pale tayari pana imani kwamba mtumwa ni mtu, ikaitoa nje ionekane. Kumbe wengi waliodhaniwa wana pa kuanzia pao hawakupasimamia wenyewe. Walisema kingine na kutunga sheria za kingine. Kazi hiyo, ya kuonyesha mtu anavyojipinga mwenyewe, hakuna kitu kinachoifanya vizuri kuliko hoja, na ningeomba wapenda mijadala tuitumie zaidi kuliko tunavyorushiana takwimu.

Lakini katika hotuba hiyohiyo Douglass anasema wakati ule haukuhitaji tena mwanga, ulihitaji moto. Alijua kwamba aliyekwisha kuonyeshwa na hakubadilika hatabadilishwa na hoja ya pili. Hata Uingereza, waliopinga biashara ya watumwa hawakuishia kwenye hoja. Mwaka 1788 walichapisha mchoro wa meli iitwayo Brookes. Ulionyesha miili ya watu imelazwa chini ya sitaha, mmoja ubavuni mwa mwenzake, kila nafasi imejazwa. Sheria mpya ya mwaka huo iliiruhusu meli hiyo kubeba watu 454. Kabla ya hapo ilikuwa imewahi kubeba zaidi ya 600. Mchoro ule haukubishana na mtu yeyote. Ulimfanya mtu aliyekuwa akiwaza juu ya faida ya sukari auone mguu wa mtu umegusana na kichwa cha mwingine. Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, na sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi ikapitishwa 1833. Marekani mambo hayakumalizwa na hoja wala mchoro. Yalimalizwa na vita, na marekebisho ya katiba ya 1865.

Kwa hiyo, Kinoo, nikisema hoja ina ukomo simpumzishi dhalimu. Namwambia anayepigania haki asipoteze miaka akingoja dhalimu akiri kwamba ameshindwa kwenye mdahalo.

#8 Mbayuwayu

Nimekuelewa kwenye utumwa. Ila basi kama ni moto na michoro, mbona umetuandikia uzi mzima wa hoja?

#9 Mleta mada

Kwa sababu hoja zinafanya kazi, lakini si pale tunapodhani.

Kuna jaribio la mwanasaikolojia Peter Wason la mwaka 1966. Mezani pana kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzifunue ili ujue kama kanuni ni ya kweli? Jaribu kabla hujaendelea.

Wengi husema A na 4. Lakini 4 haina msaada, maana hata ikiwa na konsonanti nyuma, kanuni haijavunjwa. Ya kufunua pamoja na A ni 7, kwa kuwa ikiwa na irabu nyuma kanuni imekufa. Mtu hutafuta kinachoithibitisha dhana yake, hatafuti kinachoiua. Katika utafiti wa David Moshman na Molly Geil wa mwaka 1998, waliofanya peke yao walipata kwa asilimia 9. Walipowekwa vikundi vya watu watano au sita wakajadiliane, asilimia 75 ya vikundi vilipata. Penye wengi hapaharibiki neno, na hapa neno hilo limepimwa.

Hugo Mercier na Dan Sperber wanadai kwamba akili ya kujenga hoja ilikua kwa ajili ya hilo: kuwashawishi wenzetu na kuwakagua wenzetu. Tuna uvivu tukizikagua hoja zetu na tuna jicho kali kwa za wengine. Mimi naliona dai hilo lina nguvu, kwa sababu linaeleza kwa pamoja kwa nini mtu mmoja ni dhaifu na kikundi ni imara. Sharti lake ni kwamba kikundi kiwe na wanaopingana kweli na wote wanataka jibu sahihi. Kwenye kadi hakuna aliyefunga heshima yake kwenye namba 7. Kwenye siasa kila kadi ina mtu aliyeifia.

Na hapa kwenye uzi, simwandikii anayeshikilia msimamo wake kwa meno. Namwandikia anayesoma kimya.

#10 Tandabui

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tunaishije sasa? Nchi haiwezi kungoja Beccaria na Kant wakubaliane.

#11 Mleta mada

Mara nyingi watu hukubaliana juu ya tendo bila kukubaliana juu ya sababu, na hilo linatosha. Tarehe 10 Desemba 1948, jijini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Binadamu: kura 48 za ndiyo, hakuna ya hapana, nchi 8 hazikuunga upande wowote. Jacques Maritain, mwanafalsafa Mkatoliki aliyeshiriki mashauriano ya kifalsafa yaliyoandaliwa na UNESCO, alisimulia kwamba watu wenye itikadi zinazogombana waliulizwa wameafikianaje juu ya orodha ya haki. Wakajibu: tunakubaliana, ila kwa sharti kwamba asiwepo wa kutuuliza kwa nini. Katika kuandika kifungu cha kwanza, mjumbe wa China, Peng Chun Chang, alisimama kidete kuhakikisha hakisemi haki zimetoka kwa Mungu wala kwa maumbile. Alitaka kila mmoja alete sababu yake mwenyewe. Wengine waliliita udhaifu. Mimi naona ndiyo iliyolifanya azimio lipite.

Ila adhabu ya kifo haina katikati, ama mtu ananyongwa ama hanyongwi. Hapo inabaki kura, na aliyeshindwa anadaiwa vitu: aelezwe sababu hadharani, asinyamazishwe, na mlango wa kubadilisha uamuzi usifungwe.

Hicho cha mwisho ndicho kinachonipa msimamo wangu. Kama nakiri kwamba katika jambo hili hakuna hoja inayoweza kummaliza mwenzangu, na kwamba mahakama hukosea, siwezi kuunga mkono uamuzi usiorudi nyuma. Marekani pekee, tangu 1973, watu zaidi ya 190 waliohukumiwa kifo walikuja kufutiwa hatia. Hao ni wale waliobahatika kufikiwa kabla.

Najua mfuasi wa Kant atanijibu nini. Atasema muuaji akiachwa hai, hiyo nayo ni haki iliyopotea isiyorudi, na kwamba nahesabu makosa ya mahakama kwa sababu tayari nimeamua kuhesabu yatakayotokea badala ya yanayostahili. Anasema kweli, huko ndiko ninakoanzia. Tutaendelea kubishana naye, na siku ya kura nitapiga ya kwangu.